Mbwa wako mdogo kaingia joto mara ya kwanza? Fanya hivi

Umekuta matone ya damu sakafuni au kwenye kochi, ukamgeuza mbwa ukaona kule nyuma pamevimba na yeye anajilamba muda wote, basi usipaniki, kaingia joto, yaani kafika kipindi ambacho jike anaweza kupandwa na kushika mimba. Hawa wa umbo dogo wanawahi sana, wengi wanaanza kwenye miezi 6 mpaka 10 hivi, wakati majibwa makubwa yanaweza kuvuka mwaka mzima hayajaona kitu. Dalili nyingine ni kukojoa kidogo kidogo kila kona, kung'ang'ania mtu, au kinyume chake, anakuwa mkali hataki kuguswa. Na kwa wengine damu ni kidogo mno halafu wao wenyewe wanailamba yote, kwa hiyo unaweza usione hata tone. Ukiwa na wasiwasi mfute na tishu nyeupe asubuhi, utajua.

Kabla ya kitu chochote shika simu uandike tarehe. Siku uliyoona damu ndio siku ya 1, na hiyo tarehe utaihitaji kwa kila kitu nitakachosema hapa chini, hata daktari wa mifugo swali lake la kwanza ni hilo.

Sasa sikiliza hapa kwa makini maana ndipo mimba nyingi za bahati mbaya zinapopatikana. Watu wanadhani hii ni kama hedhi ya mwanamke, na sio. Kwa mwanamke damu inakuja baada ya yai kutorutubishwa, kwa mbwa damu inakuja kabla, mwili ndio unajiandaa. Kwa hiyo zile siku za mwanzo, kama 9 hivi ingawa zinaweza kuwa chache au zikazidi hata wiki 2, madume yanamfuata lakini yeye hataki, anakaa chini, anaunguruma, anang'ata. Halafu damu inaanza kufifia, inakuwa ya pinki au kimanjano chepesi, ule uvimbe unakuwa laini, na ukimkuna kiunoni anasimama tuli anapeleka mkia pembeni. Mwenye mbwa anaona damu imekata anashukuru Mungu anamfungulia mlango, kumbe hapo ndo hatari imeanza. Hizo ndizo siku anazokubali kupandwa, na zenyewe nazo ni kama 9, zingine zinapungua zingine zinaongezeka. Ukijumlisha yote unapata kama wiki 3, ila mimi nashauri umfungie wiki 4 kamili toka siku ya 1 na usianze kubishana na kalenda.

Tena kwa joto la kwanza kuna kamchezo, anaweza kuanza, akakata, ukajua yameisha, halafu baada ya wiki kadhaa anaanza upya na safari hii ndio yenyewe. Sio ugonjwa, mwili bado unajifunza. We ukiona damu tena anza kuhesabu upya.

Kumlinda ndio kazi kubwa kuliko zote. Dume linanusa jike kutoka mbali sana, na litachimba, litaruka uzio, litajipenyeza kwenye tundu ambalo ulikuwa unaliona dogo. Kwa hiyo asikae nje peke yake hata dakika moja, hata kama una ukuta, maana ukuta unazuia watu sio mbwa mwenye shida yake. Akienda kujisaidia mnaenda wote na amefungwa kamba, hata kama siku zote anatembea huru na anasikia ukimwita, siku hizi hasikii. Kwa vile ni mdogo mbebe mkononi mtoke mpaka mbali kidogo na mlango ndio umshushe, maana mkojo wake ni tangazo, akikojoa mlangoni umeita mtaa mzima. Chagua saa ambazo mbwa wengine hawapo. Na kama ndani kwako kuna dume, hata kaka yake wa tumbo moja, watenganishe vyumba na mlango ufungwe kweli, undugu kwao hauna maana yoyote na dume la miezi 6 linaweza kabisa kumpa mimba. Aliyehasiwa juzijuzi naye usimwamini, mbegu zinaweza kubaki mwilini kwa wiki kadhaa.

Kwa nini nakazia hivi? Kwa sababu kambwa kadogo kakipandwa na dume kubwa watoto wanaweza kuwa wakubwa kuliko njia yenyewe, na hapo ni upasuaji au kifo. Na hata bila ukubwa huo, yeye mwenyewe bado ni mtoto, mifupa haijamaliza kukua, mimba ya joto la kwanza haifai tu.

Usafi sasa. Daipa za mbwa zipo, na kama huna chukua ya mtoto mchanga utoboe tundu la mkia, funga iwe imekaa vizuri lakini isimbane. Badilisha kila baada ya masaa machache na umvue kila anapoenda kukojoa, na mpe muda wa kukaa bila daipa apate hewa, vinginevyo ngozi inaungua na inatoa vipele. Wengine wanajua kuitoa kwa sekunde mbili, huyo mtandikie tu mashuka ya zamani umfungie chumba ambacho sakafu yake inapigika deki. Ila naomba tuelewane, daipa ni ya damu, sio ya kuzuia mimba! Dume lenye nia litaivuta au litapita pembeni.

Kumsafisha tumia kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, basi. Hakuna sabuni kule, hakuna manukato, hakuna kuingiza kitu chochote ndani. Kujilamba mwache, ndio usafi wake, ila akijilamba mpaka pamekuwa pekundu pamechubuka hapo muone daktari. Na usije ukamwonea huruma ukampa dawa ya maumivu ya binadamu, ibuprofen na paracetamol zinaweza kumuua, na kwa huo mwili wake mdogo hata kidonge kimoja ni kingi.

Chakula anaweza kukikataa siku mbili tatu au akala kuliko kawaida, vyote sawa, alimradi anakunywa maji na yupo mchangamfu. Usimgombeze akikojoa ndani, hajasahau adabu, ni homoni.

Ikitokea umechelewa umekuta wamenasana, usiwavute, usiwapige, usiwamwagie maji. Utamuumiza jike vibaya na dume pia. Wataachana wenyewe, inaweza kuchukua dakika 5 mpaka nusu saa au zaidi, wewe mshike jike atulie asijiburute. Wakiachana usimkogeshe ukidhani unaosha mimba, mpigie daktari siku hiyohiyo au kesho yake umweleze siku ya ngapi, kuna njia za kuzuia lakini zinategemea muda na sio kila mahali zinapatikana. Ukikaa kimya subiri watoto kama siku 63 hivi mbele.

Joto likiisha usimsahau. Kati ya wiki 2 mpaka 8 zinazofuata angalia sana hizi: anakunywa maji kupita kawaida, anatapika, hana hamu ya kula, amelegea, tumbo limejaa, au anatoka usaha au uchafu unaonuka huko chini. Hayo ni maambukizi ya kizazi, na mengine hayatoi uchafu wowote nje na hayo ndio mabaya zaidi. Usisubiri asubuhi, mpeleke saa hiyohiyo, mbwa anakufa na hili.

Halafu wapo ambao kama mwezi mmoja na nusu au miwili baadaye wanaanza kujitengenezea kitanda, wanabeba viatu na midoli kama watoto, na maziwa yanatoka, na mimba hakuna. Usiyakamue hayo maziwa wala kuyakanda, ukikamua yanaongezeka. Iondoe ile midoli, mtoe matembezi, kwa kawaida inapita yenyewe ndani ya wiki 2 au 3, ikizidi au chuchu zikawa za moto na ngumu ndio umpeleke.

Kama huna mpango wa kuzalisha, ongea na daktari kuhusu kumtoa kizazi, ila sio akiwa kwenye joto maana mishipa ya huko imejaa damu na upasuaji unakuwa na hatari zaidi, wengi wanasubiri miezi 2 au 3 baada ya joto kuisha. Usiivute sana hiyo miezi, joto la pili huja kwenye kama mwezi wa 6 toka hili.