Tovuti ya habari: uza nafasi mwenyewe kabla ya kuwaachia Google

Chukua tovuti inayofunguliwa kurasa 200,000 kwa mwezi, kila ukurasa ukiwa na nafasi mbili za matangazo. Matangazo yanaonekana mara 400,000. Tuseme mtandao wa matangazo, kama wa Google, unalipa shilingi 1,500 za Tanzania kwa kila mara 1,000: mwisho wa mwezi una 600,000. Hapo bado hujalipa mwandishi wala bando.

Sasa nafasi hizo hizo ziuze mwenyewe. Kila nafasi wapokezane wateja watatu, kila mteja alipe 400,000. Zikijaa zote sita ni 2,400,000. Hazitajaa. Ukipata wateja watatu ni 1,200,000, na nusu iliyobaki waachie Google waijaze kwa 300,000. Ndiyo maana kuajiri mtu wa mauzo, hata wa kamisheni, kuna faida kuliko kurundika mabango mpaka msomaji haoni habari.

Mpe mtu huyo karatasi moja ya bei: wasomaji wangapi kwa mwezi, wako mikoa gani, wangapi wanasoma kwa simu. Vipimo vitatu vya mabango (kwa pikseli, upana kwa urefu) vinatosha: 320x100 juu ya ukurasa kwenye simu, 300x250 katikati ya habari, 728x90 kwa kompyuta. Pembeni ya kila bei andika "bila VAT" kama umesajiliwa, la sivyo asilimia 18 (Kenya 16) itatoka mfukoni mwako.

Usianze na benki na kampuni za simu. Hao hununua kupitia wakala wa matangazo, wakala ana kamisheni yake (asilimia 15 ni desturi ya zamani), na malipo yanaweza kuchukua siku 60 au 90. Anza na muuza vifaa vya ujenzi, SACCOS, kliniki ya meno, shule binafsi inayotafuta wanafunzi wa Januari. Anayeamua ni mwenye mali, na unaweza kumfikia kwa bodaboda.

Mteja akikubali, fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Pata oda ya maandishi, yaani LPO (hati ya manunuzi ya mteja) au hata barua pepe, inayotaja nafasi, tarehe na bei.
2. Mteja mpya alipe yote au nusu kabla bango halijapanda.
3. Pokea bango lisilozidi KB 150. Zito zaidi, mwenye simu ya bei ndogo atakuwa ameshapita kabla halijafunguka.
4. Liweke kupitia Google Ad Manager, ambayo tovuti ndogo huitumia bure. Inapokezanisha wateja na kuhesabu.
5. Siku ya kwanza piga picha ya skrini ya simu, mtumie mteja kwa WhatsApp.
6. Toa ankara yenye TIN (namba ya mlipakodi), na risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi (Kenya, ankara ya eTIMS, mfumo wao wa ankara za kodi). Mteja akikata kodi ya zuio, yaani kodi anayoitoa kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini, dai cheti chake, maana bila hicho mwisho wa mwaka utailipa tena.

Malalamiko yanayorudi kila mara ni haya: "Tangazo limeonekana mara 66,000, mbona waliobofya ni wachache?" Jibu liandae mapema. Bango lisimpeleke mtu kwenye tovuti ya mteja iliyolala tangu mwaka juzi, limpeleke moja kwa moja kwenye WhatsApp ya duka. Hapo mteja anahesabu walioulizia bei, na hicho ndicho anachokijali.

Makala zinazolipiwa na mteja zina bei nzuri kuliko mabango, lakini ndizo zinazochafua jina. Neno TANGAZO likae juu ya kichwa cha habari, si chini kabisa kwa herufi za sisimizi. Viungo vyake vipe alama ya rel="sponsored", inayoiambia Google kuwa kiungo kimelipiwa; ndiyo wanayoipendekeza. Mkataba utaje makala itakaa muda gani, miezi sita kwa mfano, na masahihisho mangapi. Usipotaja, utaibeba bure milele na utaandika upya mara tano.

Kwa AdSense, huduma ya Google ya kujaza matangazo kwenye tovuti yako, mambo mawili huangusha watu. La kwanza ni faili la ads.txt, linalotaja nani anaruhusiwa kuuza nafasi za tovuti yako, lisilowekwa au lenye namba ya mchapishaji iliyokosewa, na mapato yanashuka. La pili ni kubofya matangazo yako mwenyewe, au kuwaomba ndugu wabofye. Akaunti inafungwa, na kuirudisha ni shughuli.

YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ili kugawana nawe matangazo. Unabaki na asilimia 55 kwenye video za kawaida, 45 kwenye Shorts, zile video fupi. Video ikifika dakika 8 inaruhusu matangazo katikati. Mapato ya AdSense, ambako YouTube pia hulipia, yakifika dola 10, PIN ya kuthibitisha anwani yako hutumwa kwa posta, kwa hiyo andika sanduku la barua unalolifungua kweli. Malipo hutoka kuanzia dola 100. Wimbo wa mtu ukiuweka nyuma ya mahojiano, mwenye wimbo anaweza kudai mapato ya video hiyo.

Kisha wasomaji wenyewe. Nation ya Kenya iliweka malipo kwenye tovuti yake mwaka 2021. Daily Maverick ya Afrika Kusini ilichagua njia nyingine mwaka 2018: habari bure kwa wote, anayependa anakuwa mwanachama kwa kiasi anachojipangia. Kwa chombo kidogo hii ya pili ni salama zaidi, kwani ukuta wa malipo unapunguza wasomaji wale wale unaowauzia wenye matangazo. Ugumu uko kwenye kuendelea kulipa. Kadi hukatwa yenyewe kila mwezi, lakini mwanachama anayelipa kwa simu, kwa Lipa Namba au Paybill, mara nyingi hulipa upya kwa mkono wake, na atasahau. Mtumie SMS siku tatu kabla na siku yenyewe, yenye namba na kiasi, na mpe bei ya mwaka mzima iliyo nafuu kuliko miezi 12.

Tanzania, kabla ya kuuza lolote, tovuti ya habari iwe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nakala yake iwe karibu, maana ofisi kubwa huweza kuidai kabla ya kusaini LPO.