SOMO: Saileji ya matete kwenye mfuko

Kila kiangazi cha kaskazi swali ni lile lile: "Ng'ombe ameshuka maziwa, nimpe nini?" Jibu lilitakiwa kufungwa kwenye mfuko tangu masika: saileji, yaani majani yaliyochachushwa bila hewa ili yasioze. Naandika mara moja.

Kata matete (nyasi tembo, Napier) yakifika kama mita 1. Yakipita sana hapo ni mashina matupu.
Yaanike nusu siku.
Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3.
Molasi (maji mazito ya sukari ya miwa) kilo 3 kwa kilo 100 za majani. Zimua kwa maji kiasi kile kile, nyunyiza huku ukichanganya.

Sasa kushindilia kwenye mfuko wa nailoni. Hapa nami niliharibu mfuko mzima. Tabaka lisizidi upana wa kiganja. Kanyaga mpaka kisigino kisizame, pembeni zaidi ya katikati, maana hewa hujificha huko na ukungu huanzia huko. Kabla ya kujaza, kamua konzi moja ya majani: maji yakichuruzika, rudisha juani, konzi ikisambaratika mara moja, yamekauka mno, hayatashikana. Funga, weka kivulini. Tundu moja la panya lamaliza kazi yote.

Siku 30, kisha fungua. Harufu ya siki na rangi ya kijani-manjano ndiyo yenyewe. Yakiwa meusi au yenye ukungu, tupa.

MASWALI

— Sina molasi, niruke?
Usiruke. Matete yana sukari kidogo, uchachu hausimami. Mahindi yenye punje laini ndiyo hujitosheleza.

— Nimefungua siku ya 10, yananuka vibaya.
Nimeandika 30.

— Mteja asema maziwa yana harufu.
Mlishe ng'ombe saileji baada ya kukama, si kabla.

— Mwalimu, huku Ganda, Malindi, mashudu ya nazi yapo. Yafaa?
Yafaa sana, mama. Matete hushibisha tu. Protini ni haba. Anza nusu kilo kwa siku, panda polepole hadi kilo 2 kwa siku, ukigawa asubuhi na jioni. Yanuse kwanza: yenye ukungu yana sumu, nayo hupita hadi kwenye maziwa. Una lukina (mti wa malisho) uani? Majani yake ni protini ya bure, ila yasizidi theluthi ya malisho. Yakizidi, nywele za ng'ombe hupukutika.

— Na maembe yanayoanguka?
Yakatekate. Embe zima hukwama kooni.

— Nyongeza kwa wenzangu: gunia la mchanga juu ya mfuko lasaidia kukandamiza.
Ahsante ndugu, hilo nililisahau. Mchanga usiwe na changarawe, itatoboa nailoni.