Podikasti na wanafunzi wa sanaa za maonyesho: kimbilieni stoo ya mavazi

Kama unarekodi mazungumzo kwenye sekondari ya sanaa za maonyesho, usikubali kupelekwa jukwaani wala kwenye chumba cha dansi. Kunapendeza kwa picha, lakini vioo na sakafu tupu hurudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye sauti hautoki vizuri. Omba stoo ya mavazi. Zile nguo zilizotundikwa hunyonya sauti vizuri kuliko darasa lolote.

Maiki ikae kama sentimita 15 kutoka mdomoni, kando kidogo, isipigwe na pumzi. Na hawa vijana wamefundishwa kusikika hadi kiti cha nyuma! Mwanzoni mwanafunzi ataongea taratibu, akinogewa anapaza sauti ghafla na rekodi inapasuka. Kwa hiyo unapopima sauti, usimwambie ahesabu moja mbili tatu. Mwambie atamke mstari wake wenye hasira kuliko yote, kisha punguza kiwango cha kurekodi mpaka mstari huo usipasue sauti.

Maswali nayo. "Unajisikiaje ukiwa jukwaani?" huleta jibu la kukariri. Muulize ni sehemu gani anaikosea kila mazoezi, halafu mwombe aifanye papo hapo, mara mbili. Hapo ndipo kipindi kinapokuwa hai.

Kabla ya kuondoka, rekodi ukimya wa chumba sekunde 30 wa kuziba mapengo utakapohariri. Aliye chini ya miaka 18, ridhaa ya mzazi ipatikane kabla hujawasha maiki.