Jinsi ya kuandaa usiku wa nyota kigangoni, staili ya padri Moreux

Wadau naandika mara moja maana vijana wa Igombe na Malimbe huku Mwanza wananiuliza kila siku usiku wa kuangalia nyota unaandaliwaje. Mi mfano wangu ni padri mmoja Mfaransa, Théophile Moreux (1867 hadi 1954), alikuwa anafundisha hesabu na sayansi seminari ya Bourges, akaanzisha hukohuko kituo chake cha kuangalia nyota, alafu akawa anaandika vitabu kibao vya jua na sayari ambavyo hata mtu asiye msomi anaelewa. Kuna shimo huko kwenye sayari ya Mirihi limepewa jina lake.

Sasa tarehe, hapa ndo tunaharibu wengi. Mara ya kwanza niliita watu siku ya mbalamwezi, nikajua ndo patapendeza, tukaambulia mwezi tu, nyota zote zimefifia. Mzee mmoja wa mwaloni, kule mitumbwi inaposhusha samaki, akanicheka, we kijana si ungeuliza wavuvi wa dagaa? Wao mbalamwezi hawaendi, taa zao hazivuti samaki, wanasubiri giza. Kwaiyo we cheki mwaloni, dagaa wakijaa, usiku wako ndo huo. Juni mpaka Agosti ndo poa zaidi, mvua hamna.

Ila giza hilohilo Ziwa Victoria linawaka taa za wavuvi kama mji, so kaeni nyuma ya jiwe kubwa liwakinge, mawe Mwanza si ndo yamejaa. Na msikae ufukweni kabisa jamani, viboko wanatoka usiku kula majani, nyota haziwezi kukuokoa.

Paroko na mwenyekiti wa mtaa wapewe taarifa mapema. Simu zote zizimwe, macho yanataka kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na mtu mmoja akiwasha tochi mnaanza upya (tochi ya kiongozi ifunge kitambaa chekundu).

Katikati ya Julai saa 2 usiku simameni mmeangalia magharibi. Kushoto mnaona kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, kulia la Dubu Mkubwa, vyote kwa mpigo, kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta. Padri mwenyewe akiwa kwake Bourges Msalaba huo asingeuona hata apande mnara wa kanisa! Mkigeuka nyuma, kusini mashariki, kundi la Nge linapanda na mkia wake. Kilimia msikihangaikie, Julai kinatoka usiku wa manane huko.

Darubini kubwa sio lazima, bainokula ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele milimita 50) inatosha, egemeza viwiko kwenye jiwe isitikisike. Kama sayari ya Mshtarii (Jupita) ipo angani siku hiyo utaona vidoto pembeni yake, hadi vinne, ndo miezi ileile Galileo aliyoiona 1610. Acha bibi zetu waangalie kwanza, watoto watasukumana tu hata hivyo.