Kuanza Mazoezi Makali ya Kundi kwa Mtu Aliyekaa Muda Mrefu Bila Mazoezi

Mazoezi makali ya kundi yana sifa moja ambayo ndiyo nguvu yake na ndiyo hatari yake: mwendo hupangwa na muziki, filimbi na watu walio mbele yako, wala mwili wako haupati nafasi ya kuulizwa. Mtu ambaye miaka yake ya karibuni imepita kwenye kiti cha ofisi, nyuma ya meza ya duka huko Ngamiani au juu ya siti ya bodaboda, hujikuta katika dakika ya nne anafanya kazi ambayo moyo na magoti yake hayajaifanya tangu shuleni, na haya humzuia kusimama. Mtu huyo anaweza kuanza salama hapa Tanga, lakini kwanza ajifunze kuwa ndani ya kundi bila kuburutwa na kundi.

Kipimo cha afya kinatangulia. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, mnene kupita kiasi, mvutaji wa sigara, au ambaye baba au mama yake aliugua moyo akiwa bado kijana, apime presha na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu naye au katika hospitali ya mkoa ya Bombo, na amweleze daktari kwamba anakusudia mazoezi makali, kwa sababu ushauri wa kutembea tu ni tofauti na ushauri wa kurukaruka. Anayetumia dawa aulize habari za dawa zake: atenololi, kwa mfano, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, hivyo mapigo hayatamwonyesha ukweli wa jitihada yake, na anayechoma insulini sukari yake inaweza kushuka katikati ya darasa. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Aliyerithi chembe ya siko seli kutoka kwa mzazi mmoja, hata kama haugui, aepuke kujilazimisha kwenye joto akiwa na kiu. Mjamzito ambaye hakuwa na mazoea ya mazoezi makali asiyaanze sasa.

Baada ya hapo zinafuata wiki nne za kujiandaa, na ningemshauri mtu yeyote asiziruke, ingawa ndizo zinazorukwa na karibu kila mtu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Anza na dakika 10 za kutembea kwa haraka kila siku, uongeze dakika 5 kila baada ya siku chache hadi ufike nusu saa. Barabara ya kwenda Raskazone inafaa sana kwa sababu ina upepo wa bahari na miti ya kivuli, na anayependa baiskeli, ambayo mji huu una mazoea nayo tangu zamani, anaweza kuitumia badala yake. Mara mbili au tatu kwa wiki ongeza kukaa na kunyanyuka kwenye kiti bila kushika kitu, pamoja na kusukuma ukuta kwa mikono miwili, mizunguko miwili ya mara 8 hadi 10. Ukiweza kutembea nusu saa kwa haraka na kuamka siku ya pili bila maumivu ya magoti, uko tayari.

Chagua pia majira na saa. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma, hewa ya Tanga hujaa unyevu kiasi kwamba jasho humwagika bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Moyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ya kulisha misuli na ya kupeleka damu kwenye ngozi. Mwili huzoea joto kwa muda wa wiki moja hadi mbili za mazoezi mepesi. Kama una hiari, anza majira ya kusi, kati ya Juni na Agosti, na kama huna, nenda darasa la alfajiri kuliko la saa kumi jioni chini ya bati.

Darasa lenyewe lichaguliwe kwa kumtazama mwalimu kabla ya kulipa ada. Mwalimu mzuri huanza kwa kupasha mwili moto kwa dakika zisizopungua 8, huonyesha namna nyepesi ya kila zoezi, na huzunguka kurekebisha watu badala ya kujitazama kwenye kioo. Anayecheka waliosimama kupumua hafai, hata kama muziki wake ni mzuri. Walimu wengi ni vijana, na mtu mzima huona haya kumwambia kijana kwamba hawezi, lakini maneno machache yanatosha: “Mwanangu, mimi ni mgeni na nina presha, kwa hiyo utaniona nikipunguza au nikitembea, usinihimize.” Kisha simama nyuma, pembeni, karibu na mlango penye hewa. Mstari wa mbele waachie wenyeji.

Siku ya kwanza fanya dakika 20 hadi 25 tu za darasa la saa moja, halafu utembee polepole kwa dakika 5 ndipo uondoke. Mwalimu mwenye busara hatakasirika. Wenzako wakifanya kazi sekunde 40 na kupumzika 20, wewe geuza, fanya 20 na upumzike 40. Kila panapotakiwa kuruka, piga hatua, ili mguu mmoja ubaki ardhini. Kuchuchumaa kuwe kwa robo tu. Na kulala chini na kuinuka kwa haraka, zoezi ambalo ndilo linalowamaliza wageni, kubadilishwe kuwa kuegemea benchi na kurudisha miguu nyuma mmoja mmoja. Kipimo cha nguvu ni mazungumzo: ukiweza kusema sentensi nzima unafanya wastani, ukiweza maneno mawili matatu tu umeingia kwenye ukali, na ukishindwa kusema umevuka mpaka, basi tembea mahali ulipo mpaka sauti irudi. Kutoa umri wako kwenye 220 ili kupata kiwango cha juu cha mapigo ni hesabu ya kukadiria inayoweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, kwa hiyo mimi huuamini mdomo kuliko saa ya mkononi. Usisimame ghafla wala kukaa chini mara baada ya zoezi kali, kwani damu hubaki miguuni na kizunguzungu hufuata.

Nenda mara mbili kwa wiki, kwa mfano Jumanne na Ijumaa, kwa wiki sita, ukiongeza dakika 5 kila wiki na kuendelea kutembea siku nyingine. Pumzi huongezeka katika wiki chache, lakini kano, zinazounganisha misuli na mifupa, huimarika kwa miezi, na hapo ndipo wengi huumia: mwezi wa pili, wakijiona wamepungua uzito, hurukaruka kuliko kisigino kinavyoweza.

Maumivu ya misuli yanayofika kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya darasa ni ya kawaida. Lakini misuli iliyovimba na kuuma kupita kiasi, pamoja na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea, ni dalili kwamba misuli imebomoka na mabaki yake yanaziba figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, wala usimeze diklofenaki au ibuprofeni, ambazo huweza kuongeza madhara ya figo. Kifua kubana, maumivu yanayoelekea kwenye mkono au taya, na kuzimia havisubiri darasa liishe.

Kuhusu vifaa, raba ndiyo gharama ya lazima. Ya mtumba inafaa, ila bonyeza soli kwa dole gumba, na ikiwa imekuwa ngumu kama ubao iache. Hijabu na nguo ziwe za kitambaa chepesi. Ndizi mbivu au tende chache saa moja kabla zinatosha, na maji ya kawaida yanatosha kwa darasa lisilozidi saa moja.

Mwezi wa Ramadhani anayefunga aache darasa la mchana na abaki na kutembea baada ya tarawehe. Uwezo wa moyo hupungua kwa wiki mbili hadi nne za kupumzika, kwa hiyo Mfunguo Mosi arudi na nusu ya dakika alizokuwa akifanya, mizunguko yake ikiwa ya sekunde 20 tena, na aongeze wiki kwa wiki. Utaratibu huohuo unamhusu aliyetoka kuugua malaria, ambaye asirudi kabisa kabla ya kumaliza dozi na homa kumtoka.