Kupima mkunjo wa kifundo cha mkono kwa video ya simu

Nasimamia wachuna minofu ya sangara hapa Mwanza, na maumivu ya mikono yao yananiuma mimi pia. Kwanza omba ridhaa. Mweleze mfanyakazi kwamba tunaipima kazi, si yeye.

Simamisha simu usawa wa meza, ubavuni mwa mkono wenye kisu. Ukirekodi kwa mbele, mkunjo hauonekani. Rudia kutoka juu, maana kifundo huinama pia kuelekea kidole gumba au kidole cha mwisho. Rekodi asubuhi, kisha jioni mkono ukishachoka.

MediaPipe, programu ya akili mnemba, huweka nukta 21 kwenye kila mkono, lakini kiwiko hakimo. Washa pia ufuatiliaji wa mwili, la sivyo huna mstari wa kigasha (kutoka kiwiko hadi kifundo) wa kupimia pembe. Kwenye RULA, kipimo cha mwaka 1993 cha hatari ya mkao wa mikono na mwili kazini, kifundo kikikunjwa zaidi ya digrii 15 kinapata alama 3; alama ikipanda, hatari inapanda. Hesabu pia marudio kwa dakika.

Kamera haiioni nguvu ya kushika kisu. Muulize mfanyakazi mwenyewe, na ukikague: kikiwa butu, mkono unakamua zaidi. Mimi huanzia kwenye kunoa.