Namna ya kumsimulia Pig's Eye kwa mgeni wa Saint Paul

Ukimtembeza mgeni Saint Paul, Minnesota, usianze na jicho. Wengi huanzia hapo: Pierre Parrant, mfanyabiashara wa manyoya aliyegeuka muuza wiski, chongo lake likampa jina la Pig's Eye, Jicho la Nguruwe. Mgeni akishacheka, mengine yote humpita.

Mimi huanzia mtoni. Mpeleke kando ya barabara ya Shepard, penye kumbukumbu ya Fountain Cave. Pango halionekani tena. Mlango wake ulifukiwa barabara ilipojengwa. Mweleze kwamba kijito cha maji safi kilitoka pangoni kikashuka hadi Mississippi. Hapo ndipo Parrant alipojenga kibanda cha magogo mwaka 1838. Sasa mwonyeshe upande mto unakotokea, iliko Ngome ya Snelling, iliyokuwa imejaa askari wenye mshahara na kiu. Nyamaza kidogo. Mgeni ataelewa mwenyewe kwa nini mahali hapa palichaguliwa.

Usiruke mkataba wa 1837, uliowatoa Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hili, katika ardhi yao ya mashariki ya mto. Bila mkataba huo Parrant hana pa kujenga. Na wiski yake haikuishia kwa askari. Wadakota nao waliuziwa, ikawaumiza. Hilo liseme wazi, usilipambe.

Kisha fika 1840. Wakubwa wa ngome, wamechoshwa na ulevi wa askari wao, waliwafukuza walowezi waliokaa kwenye eneo la jeshi. Wengi wakateremka na mto hadi palipo katikati ya jiji leo. Hapa tulia, maana ndipo penye uzito: pombe iliwaudhi wakubwa, na kufukuzwa kukausogeza mji mahali pake. Parrant hakupanga hata mtaa mmoja. Kiwanja cha pangoni alikuwa ameshakipoteza kwa sababu ya deni.

Mwaka 1841 Padre Lucien Galtier alijenga kanisa dogo la magogo, akaliita la Mtakatifu Paulo, akataka na makazi yaitwe hivyo. Miaka minane baadaye Saint Paul ikawa makao makuu ya Jimbo la Minnesota, likiwa bado halijapewa hadhi kamili ya majimbo mengine ya Marekani.

Mgeni akiuliza mwanzilishi ni nani, usimtupie jina moja. Mtajie muuza wiski, askari na padre, na ueleze kila mmoja alifanya nini. Ziwa la Pig's Eye lipo kusini-mashariki mwa jiji. Muda ukibana liache, lakini pangoni lazima mfike.